Katikati ya "Nilichukiwa" na "Nimesamehe"

Ushuhuda wa kanisani una dakika chache. Unasimama, unasema Bwana Yesu asifiwe, watu wanaitikia Amina. Unasema ndugu zangu walinichukia, Yesu ameniponya, nimewasamehe. Unakaa. Nimetoa ushuhuda wa namna hiyo mara nyingi na kila neno lilikuwa kweli. Lakini kati ya "nilichukiwa" na "nimesamehe" ilipita miaka mingi, na watu wanaonifuata nje baada ya ibada huwa wanaulizia hiyo miaka. Binti mmoja alinishika mkono pale chini ya mwembe akaniambia, "Baba, mimi nimeomba, nimefunga, na bado nikisikia sauti ya mama wa kambo tumbo linanikata. Ina maana sijaokoka?" Kwa ajili yake na wenzake wengi, leo nakaa hapo katikati.

Nimezaliwa mwaka 1981 Kagera, katika kijiji kisicho mbali na barabara iendayo Mutukula. Tata, yaani baba yangu, alikuwa mfanyabiashara, akivuka mpaka kwenda Uganda na kurudi na nguo, sabuni na betri. Mkoa wetu ndiko walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi Tanzania, mwaka 1983. Watu wakauita ugonjwa huo Juliana, kutokana na nguo za mtindo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa mpakani. Tata alifariki mwaka 1989. Mama akamfuata mwaka 1992. Miaka ile kijiji chetu kilikuwa kikizika mfululizo, na shuleni mwalimu aliacha kuuliza kwa nini mtoto hakuja jana.

Baba Mdogo alituchukua, mimi na dada yangu mdogo. Na kibanja cha Tata, migomba na mibuni yake yote, akakichukua pamoja nasi.

Pale nyumbani nilikuwa na sahani yangu na kikombe changu. Kikombe kilikuwa cha plastiki, kimetiwa alama kwa msumari uliopashwa moto ili kisije kikachanganyika na vya wengine, na hakikuwekwa kabatini bali nje juu ya kichanja, mvua ikinyesha iingie. Nguo zetu hazikulowekwa beseni moja na za watoto wa nyumbani. Nikikohoa usiku, kesho yake nalala jiko la nje. Mama Mdogo alisema mbele yetu, bila hasira, kama mtu anayepanga bajeti ya nyumba: "Hawa wa kuwasomesha wa nini, si watamfuata baba yao?" Dada yangu alipelekwa Bukoba mjini kufanya kazi za ndani kabla hajamaliza darasa la nne. Madaktari walikuwa wameshasema kwamba sahani na kikombe haviambukizi. Hofu haikuwasikia.

Mtu akichukiwa na adui, anajua ana adui. Lakini mtoto akikataliwa nyumbani hamlaumu aliyemkataa. Anajitazama mwenyewe, anatafuta kasoro iko wapi. Mimi niliamini nina kitu kibaya ndani ya damu. Nilijifunza kutomgusa mtu. Nikipewa kitu nilinyoosha kiganja ili anidondoshee, vidole visikutane. Hakuna aliyenifundisha. Mwili ulijifunza wenyewe, na ndiyo maana simshangai yule binti na tumbo lake.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja mjane, mwana wa Uamsho. Kwa wasiojua, Uamsho ulianza miaka ya 1930 kule Gahini, Rwanda, katika misheni ya Kianglikana, ukaenea Uganda, ukavuka hadi kwetu Kagera na kuingia kwa Walutheri. Ndugu wa Uamsho walikuwa na desturi ya kukutana kila wiki, kuungama waziwazi mbele ya wenzao, na kuimba wimbo wao wa Kiganda wa kumsifu Yesu kila mmoja anapomaliza. Wao walikuita kutembea nuruni. Wengine kijijini waliwaona wasumbufu, maana mwana wa Uamsho anaweza kukugongea mlango saa mbili usiku kukurudishia jembe aliloiba mwaka juzi.

Bibi huyo aliniona napita na kuni akaniita. Akapakua ndizi na maharage kwenye sinia, akaliweka chini, akaketi upande wa pili, akanawa. Nikasubiri anitengee changu. Hakutenga. Akaingiza mkono kwenye sinia, akamega, akala, kisha akaniangalia kwa mshangao: "Unasubiri nini, chakula kinapoa." Hakunihubiria siku hiyo wala hakunionea huruma kwa maneno. Nilikula nikitetemeka, nikikwepa upande wake wa sinia. Yeye akawa anasogeza maharage upande wangu kwa vidole vyake vile vile alivyokuwa akilia.

Ni yeye aliyenipeleka mafundisho ya kipaimara. Nilibarikiwa mwaka 1996, na katika usharika wetu enzi hizo Meza ya Bwana ilikuwa ya kikombe kimoja. Nilipiga magoti katikati ya mstari nikijua kabisa kwamba baada yangu yupo binti wa familia inayoheshimika, na kwamba wote pale wanajua nyumba niliyotoka. Niliwaza: atainuka. Au mama yake atakuja kumshika mkono. Mchungaji akanifikia. "Damu ya Yesu Kristo, iliyomwagika kwa ajili yako." Nikanywa. Akafuta ukingo wa kikombe kwa kitambaa, akakigeuza kidogo kama alivyofanya kwa kila mmoja, akampa binti yule. Akanywa.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya kukubaliwa na Mungu, mengine ya wahubiri wakubwa wenye vipaza sauti. Hakuna lililowahi kuingia ndani yangu kama kile kikombe kilipotoka mdomoni kwangu kwenda kwa mwingine. Siku hizi sharika nyingi zina vikombe vidogo vidogo, kila mtu na chake. Naelewa sababu za afya na sitaki kugombana na mtu. Lakini kila nikiviona, moyo wangu unawakumbuka watoto ambao huenda wanahitaji kunywea kile walichonywea wengine.

Laiti ningeweza kusema yaliisha pale. Hayakuisha, na hili sikulijua hadi nilipolipitia: kupona kukataliwa ni jambo moja, na kupona chuki yako mwenyewe ni jambo jingine. La kwanza ni kupokea, hata mtoto anaweza. La pili linadai kitu kutoka kwako.

Mwaka 1997 nilipanda meli kwenda Mwanza. MV Bukoba ilikuwa imezama mwaka uliotangulia, tarehe 21 Mei 1996, na abiria tulikuwa tukiomba kwa sauti tangu meli inang'oa nanga Bukoba. Nilianza kazi katika kiwanda cha minofu ya sangara, baadaye nikamfuata fundi mwashi, nikabeba zege, nikajifunza kushika mwiko na pima maji, na hadi leo ujenzi ndio unaonilisha. Kanisani niliimba besi kwenye kwaya. Nililipa fungu la kumi. Nilikuwa Mkristo kweli, wala sitakubali mtu aniambie kwamba sikuwa.

Na bado, kila nilichofanya nilikifanya ili watu wawili waliokuwa mbali wakione. Nilinunua viatu vizuri nikiwaza Mama Mdogo angesema nini. Nilipojenga ukuta ulionyooka nilimwona Baba Mdogo akipita chini yake. Wao hawakuwa wakinitazama, walikuwa Kagera wakipalilia migomba, lakini mimi nilikuwa nimewapa viti vya mbele ndani ya maisha yangu. Mtu akicheka nyuma yangu, nimechekwa mimi. Nilimpenda binti mmoja, tukafika karibu na barua ya posa, nikamwacha ghafla ili asije akaniacha yeye. Chuki haikuwa moto kama wanavyoisema. Kwangu ilikuwa shughuli, ya kila siku, isiyo na likizo.

Mwaka 2005 nilikwenda kupima. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimeanza kutolewa bure katika hospitali za serikali tangu mwishoni mwa mwaka 2004, na watu walianza kuthubutu. Mshauri nasaha akanisomea majibu: sina. Sikuwahi kuwa na virusi. Ningefurahi, sivyo? Nilitoka pale nikiwaka. Nikawaza, kumbe bure! Kikombe, sahani, jiko la nje, dada yangu kufua nguo za watu, vyote bure, hatukuwa na kitu!

Jioni ile nilikwenda kwenye ushirika wa nyumba kwa nyumba na nikasema yote. Kulikuwa na mama mmoja pale, tulimwita Mama tu, muuza dagaa, mtu wa maneno machache. Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, na kama majibu yangekuja unavyo, wangekuwa wamefanya sawa?"

Sikuelewa.

"Mimi ninavyo," akasema. "Nanywa dawa tangu zilipoanza kutolewa. Wakinitengea kikombe, unasema wana haki?"

Nilikaa kimya muda mrefu. Hasira yangu yote ilikuwa imesimama juu ya kusema mimi si kama wale. Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa Bwana Yesu kwa namna ambayo kwaya haikunifundisha. Isaya anasema juu yake, "Alidharauliwa na kukataliwa na watu, mtu wa huzuni nyingi, ajuaye sikitiko." Aliwagusa wenye ukoma kabla hawajatakasika. Yule bibi wa sinia naye hakujua majibu yangu. Alikula nami akidhani huenda ninavyo.

Mama yule alinipa kazi moja. Aliniambia niache kuomba maombi mazuri. "Unamwambia Mungu, nawasamehe, wakati tumbo lako linasema kitu kingine. Yeye anasikia yote mawili. Mwambie la tumboni." Akanielekeza Zaburi ya 109. Wengi hatuisomi kanisani, ni Zaburi ya mtu aliyelipwa chuki badala ya upendo, na anachomwomba Mungu juu ya adui yake kinatisha. Nilijifungia chumbani, nikaisoma kwa sauti nikiweka jina la Baba Mdogo. Niseme ukweli, ilikuwa tamu. Kwa mara ya kwanza niliomba bila kuficha kitu. Nikafika mstari wa tisa: "Wanawe na wawe yatima, na mkewe na awe mjane."

Sauti ikakata. Nilijaribu tena, haikutoka. Mimi najua yatima ni nini. Najua kikombe chake kinawekwa wapi. Na wana wa Baba Mdogo ndio walionipitishia viazi vya kuchoma dirishani usiku, wakijua wakikamatwa watachapwa. Niwaombee wawe mimi? Nililia hadi mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia Mungu: hapa siwezi kuendelea. Naachia hapa.

Sikumpenda Baba Mdogo usiku ule. Ila nilijua kuna kitu sikitaki kimpate, na kwa aliyekuwa akimtakia kila kitu, huo ulikuwa mwanzo.

Bibi wa Uamsho aliwahi kunisimulia habari za askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ng'ambo ya mpaka wetu, ambaye katika ujana wake alifundisha shule Dodoma. Askofu mkuu Janani Luwum alipouawa tarehe 16 Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, Kivengere alilazimika kukimbia nchi. Baadaye akatangaza kwamba amemsamehe Amin na kwamba anampenda. Bibi alisema habari hiyo ilimchoma, kwa sababu Oktoba 1978 jeshi la Amin lilivuka mpaka, na yeye alikimbia na mtoto mgongoni akiacha ng'ombe, nyumba na kaburi bichi la mumewe. "Nilimkasirikia yule askofu," aliniambia. "Nikasema, amsamehe wa kwake, wangu aniachie." Ilimchukua miaka. Hakuniambia ilivyoisha, alisema tu kwamba siku hizi akiomba Baba Yetu hasiti tena pale katikati. Nikiwa kijana niliona simulizi hiyo ni ya wazee. Mwanza nikaielewa.

Naomba nizungumze na wachungaji na wainjilisti wetu kwa heshima yote. Mtu akija amejeruhiwa, mnamwambia samehe tu, na mnamtajia Yusufu: "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema." Neno hilo liko Mwanzo sura ya 50. Yusufu alitupwa shimoni sura ya 37. Alipopata mtoto wa kwanza alisema Mungu amemsahaulisha nyumba yote ya baba yake, lakini ndugu zake walipotokea mbele yake aliwasemesha kwa ukali, akawatia gerezani, akajitenga nao akalia, akawajaribu, akalia tena. Hakuwa amesahau kitu. Biblia haikuona aibu kutuandikia hayo yote, kwa nini sisi tunayaruka? Sisi mafundi tunajua ukuta wenye ufa haupigwi plasta juu juu. Ufa unafunguliwa kwanza kwa tindo, unapanuliwa, vumbi linatolewa, unamwagiwa maji, ndipo unajazwa. Ukipaka juu, utapendeza hadi mvua za kwanza.

Jumamosi alasiri, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 liliipiga Kagera. Watu walikufa na nyumba nyingi zilianguka. Binamu yangu alinipigia simu: nyumba ya Baba Mdogo imepasuka, wamelala nje kwenye migomba. Nilikuwa sijakanyaga pale tangu nilipoondoka. Nilipanga vifaa vyangu nikaenda. Nilichukua pia vijana wawili wa kazi, kwa sababu niliogopa kufika peke yangu.

Nilimkuta mzee, amekonda, ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Tulifanya kazi siku kadhaa, tukabomoa kuta mbili, tukaanza upya na nguzo za zege. Jioni moja alikuja akasimama karibu nami nikiwa nakoroga udongo na saruji, akasema kama vile tulikuwa katikati ya mazungumzo: "Mimi ndiye niliyemwosha baba yako. Wote walikimbia, nikafunga mlango nikamwosha peke yangu, bila glovu. Baada ya hapo nilikaa nikingoja kufa. Kila nilipokuona wewe, niliona kifo changu kinatembea ndani ya nyumba."

Sikuwahi kujua. Mtu aliyenitengea kikombe ndiye pekee aliyemgusa Tata.

Nikamwambia, "Baba Mdogo, niliteseka."

Akasema, "Najua."

Hakuomba radhi zaidi ya hapo. Wapo watakaosema haitoshi. Mimi nilikuwa nimeshaachia tangu kule Mwanza, kwa hiyo sikukaa pale nikimngoja alipe deni. Lakini sitadanganya: neno "najua" lilinipa pumzi ambayo Zaburi haikunipa. Aliyekosewa anahitaji aliyemkosea akiri kwamba kweli lilitokea. Asipolipata hilo, Mungu anabaki shahidi wake. Akilipata, amshukuru Mungu.

Na kusamehe hakukunizuia kuuliza habari za kibanja. Wengine ukooni walishangaa: "Si umeokoka? Si umesamehe?" Nilisamehe chuki, sikuwa na mamlaka ya kusamehe haki ya dada yangu kwa niaba yake. Walileta hoja kwamba mtoto wa kike harithi ardhi ya ukoo. Nikawakumbusha kwamba mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza iliamua, katika kesi iliyotoka mkoani kwetu, kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza kama mwanamume. Tulikaa na wazee, tukabishana, tukala pamoja, tukabishana tena. Mwishowe sehemu ikapimwa, ikaandikwa ofisi ya kijiji kwa jina la dada. Baba Mdogo mwenyewe alipanda mimea ya mpaka.

Kwa yule binti wa chini ya mwembe, nilimjibu hivi. Wokovu wako haupimwi kwa tumbo lako. Kama mama huyo bado anakupiga au kukunyima chakula, toka, nenda ustawi wa jamii au dawati la jinsia pale polisi, na usikubali mtu akuambie msamaha ni kubaki unapoumizwa. Paulo mwenyewe aliandika, "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Yako mambo yasiyoyamkinika, na uko upande usio wako. Kisha tafuta watu wa kula nao, si wa kukuombea tu. Na mwambie Mungu la tumboni kabla ya la mdomoni. "Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali Bwana atanikaribisha kwake," mstari huo wa Zaburi ya 27 niliusoma miaka mingi kama ahadi ya mbinguni. Nimekuja kuona mara nyingi Bwana hukaribisha akitumia nyumba ya jirani.

Baba Mdogo alifariki mwaka 2020. Mama Mdogo yupo, ana kisukari na miguu inamsumbua, na fedha ya dawa namtumia kwa simu kila mwisho wa mwezi. Hajawahi kusema lolote kuhusu zamani na mimi sijamuuliza. Zipo siku ujumbe wake wa "nimepata, asante" unaniletea kifua kubana, nami namwambia Mungu hivyo hivyo ulivyo. Desemba hii binti wa dada yangu anabarikiwa kipaimara, na dada, ambaye ana safari yake mwenyewe ambayo si yangu kuisimulia, amemwalika. Mama Mdogo amejibu kwamba atakuja, ila ametaka ajue nani atampitia, maana hawezi tena kupanda bodaboda. Nimesema nitampitia mimi.